Je, Wajua? Samaki wa Madimbwi Yanayokauka

Je, wajua kwamba kuna samaki ambao dimbwi lao lisipokauka, ukoo wao unakwisha? Wanaishi kwenye ukanda wetu wa pwani, kuanzia Kenya, kupitia Tanga, Bagamoyo na bonde la Rufiji, hadi pande za kusini na ng'ambo ya Ruvuma kule Msumbiji. Jina lao la kitaalamu ni Nothobranchius. Hapa nitawaita samaki wa msimu, maana msimu ndio unaowaleta na msimu ndio unaowaondoa.

Je, wajua kwamba wengi wao hawazidi sentimita 7? Dimbwi likikauka hufa wote, mkubwa kwa mdogo. Kamongo hujichimbia topeni akasubiri mvua ijayo, na kambare hujikokota kwenye nyasi zenye umande akatafuta maji mengine. Samaki wa msimu hawana hata mbinu moja ya namna hiyo. Wanachoacha ni mayai ndani ya tope, na tope lile likishakauka ng'ombe hupita juu yake, watoto hulifanya uwanja wa mpira, jua hulipasua vipande vipande, na mayai bado yamo humo, hai.

Je, wajua yanawezaje? Yai lina upana wa milimita 1 hivi na ganda lake ni gumu kwa yai la samaki. Lakini siri kubwa haiko kwenye ganda, iko kwenye kiinitete chenyewe. Kiinitete hicho kinaweza kusimamisha ukuaji wake katika vituo vitatu. Cha kwanza huja mapema kabisa, wakati chembe zimetawanyika na bado hazijajipanga kuwa mwili. Kituo cha pili huja mwili ukiwa umeanza kuonekana: kuna kichwa, kuna uti, na moyo uliokwisha kuanza kupiga hupunguza mwendo mno. Hapo ndipo vingi hukaa muda mrefu zaidi, miezi kwa miezi. Kituo cha tatu ni mlangoni kabisa: mtoto amekamilika, macho yanaonekana kupitia ganda, kilichobaki ni maji tu. Maabara zimewahi kukuta viinitete vikiwa hai baada ya kulala zaidi ya mwaka mzima.

Na usingizi huo hauli umri wa samaki. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha kwenye jarida la Science kwamba samaki aliyelala muda mrefu ndani ya yai, akishaanguliwa, hukua na kuishi sawa na mwenzake ambaye hakulala kabisa. Mimi sijaona jambo la ajabu kuliko hili katika elimu ya samaki wa maji baridi: kiumbe anayeweza kusitisha muda bila kuulipia.

Je, wajua kwamba mayai ya mama mmoja hayaamki pamoja? Huku kwetu Mtwara kuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili au Mei, na katikati yake, mwishoni mwa Januari au Februari, mara nyingi hukatika wiki moja au mbili. Zaidi ya hapo kuna mvua za mwanzo zinazonyesha siku mbili kisha zikapotea. Kama mayai yote yangeanguliwa kwa mvua ya kwanza, msimu mmoja tu wa udanganyifu ungetosha kufuta samaki wote wa dimbwi. Mkulima wa huku aliyewahi kuunguziwa mbegu na jua la Desemba hazimalizi zote kwa mvua ya kwanza, na tope la dimbwi nalo hufanya hivyo hivyo: mayai mengine yako tayari, mengine yako kituo cha pili, mengine hayajaanza hata kujipanga. Yaliyoamka yakipotea, yaliyolala yanabaki kuwa akiba ya mvua ya pili, au ya mwaka ujao.

Je, wajua kwamba yai lililo tayari likishalowa, mtoto huweza kutoka ndani ya saa chache?

Je, wajua kwamba samaki hawa ndio wanaoshikilia rekodi ya kubalehe upesi kuliko wanyama wote wenye uti wa mgongo wanaojulikana? Mwaka 2018 watafiti kutoka Jamhuri ya Czech waliofanya kazi kwenye madimbwi ya Msumbiji walionyesha kwamba Nothobranchius furzeri anaweza kuwa tayari kuzaa akiwa na umri wa siku 14. Anaanza na urefu wa milimita 5. Wiki mbili baadaye amefika karibu sentimita 5 na tumbo limejaa mayai. Maabarani samaki hawafikii kasi hiyo kirahisi hata wakilishwa vizuri. Dimbwi la mvua mpya lina joto, limejaa vijidudu vya majini, na samaki hula mchana kutwa.

Je, wajua kwamba kuna spishi iliyopewa jina la Wamakonde? Inaitwa Nothobranchius makondorum. Ilielezwa rasmi mwaka 2009 na Ruud Wildekamp, Konstantin Shidlovskiy na Brian Watters, na makazi yake ni kaskazini mwa Msumbiji, kwenye nchi ya Wamakonde wa upande wa pili wa Ruvuma. Mwaka huohuo mtaalamu wa Brazil, Wilson Costa, alieleza spishi nyingine kutoka kusini-mashariki mwa Tanzania akaipa jina la huyo Wildekamp: Nothobranchius ruudwildekampi. Kwa hiyo hatuzungumzii wanyama waliojulikana na kumalizwa kuandikwa zama za Wajerumani. Pembe yetu hii ya nchi bado inaandikwa sasa hivi, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa wingi wa spishi za kundi hili.

Wajerumani nao walianza mapema. Georg Pfeffer wa Hamburg alieleza samaki wa msimu wa Unguja mwaka 1893, kutokana na mkusanyo wa Franz Stuhlmann wa miaka ya 1888 na 1889. Samaki huyo, Nothobranchius guentheri, anajulikana kutoka Unguja tu.

Je, wajua alifikaje kisiwani ilhali maji ya bahari hayamfai? Kwa miguu ya babu zake, kama ningeruhusiwa kusema hivyo. Enzi za barafu bahari ilishuka zaidi ya mita 100 chini ya ilivyo leo, na Unguja ikawa sehemu ya bara. Madimbwi yaliungana kwa mafuriko, samaki wakasambaa. Bahari iliporudi, waliobaki upande wa kisiwani wakafuata njia yao wenyewe. Mafia pia ina jamaa yake, Nothobranchius korthausae, aliyeelezwa mwaka 1973.

Je, wajua kwamba ni dume ndiye mwenye mapambo? Chota maji ya dimbwi yenye rangi ya chai ya maziwa, uyamimine kwenye bakuli jeupe, usubiri tope litulie. Jike utamkosa usipoangalia vizuri: kijivu, mapezi yanayoonyesha upande wa pili, hana doa au ana madoa machache. Dume hutamtafuta. Kila gamba lina ukingo wa rangi nyingine, bluu iliyozungushiwa nyekundu, mkia mwekundu au wa manjano kutegemea spishi, na mapezi yenye mistari. Katika maji machafu kiasi kile, rangi hafifu isingeonekana na jike. Tatizo ni kwamba yangeyange na mdiria nao wana macho. Katika madimbwi mengi yaliyochunguzwa, majike ni wengi kuliko madume, na ndege ni mojawapo ya sababu zinazotajwa.

Je, wajua wanavyotaga? Dume humsindikiza jike hadi sakafuni, humfunika kwa pezi lake la mgongoni, wote wawili hujikunja ubavu kwa ubavu, wakatetemeka, na yai moja husukumwa ndani ya tope. Moja tu. Kisha wanarudia. Wanafanya hivyo kila siku tangu wabalehe hadi maji yaishe, makumi ya mayai kwa siku jike akiwa ameshiba.

Je, wajua kwamba si kila dimbwi linafaa? Hapa ndipo penye jambo ambalo hata wapenzi wa samaki walichelewa kulielewa. Brian Watters, ambaye kitaaluma ni mwanajiolojia, alizunguka madimbwi ya Afrika Mashariki na Kusini akitazama udongo kuliko samaki, akagundua kwamba samaki wa msimu hufuata udongo wa mfinyanzi mweusi au kijivu, ule unaovimba ukilowa na kupasuka nyufa ukikauka, ule unaokamata tairi la pikipiki mpaka unashuka kusukuma. Udongo huo haupitishi maji kirahisi, hauna asidi, na ukikauka hubakiza unyevu kidogo kuzunguka mayai, huku nyufa zake zikiingiza hewa. Dimbwi lililokaa juu ya udongo mwekundu wa moramu laweza kuwa na maji safi yanayopendeza kuliko yote, lakini samaki wa msimu huwakuti humo.

Ndiyo maana pia usiwatafute juu ya uwanda wa Makonde. Newala na Tandahimba mvua inanyesha vizuri, mikorosho inastawi, lakini mchanga wa uwandani huyanywa maji yote. Shida ya maji ya uwanda ule ni habari ya vizazi, akina mama wakishuka bondeni na kupanda tena na ndoo kichwani. Simama ukingoni pale Shimo la Mungu, Newala, utazame chini: ule ubapa unaong'aa wakati wa masika, kuelekea mto Ruvuma, ndio nchi ya mfinyanzi na madimbwi.

Je, wajua kwamba kupungua kwa maji ya Ruvuma kuliwahi kumrudisha nyuma David Livingstone? Mwaka 1861 aliingia mtoni kwa meli yake, Pioneer, akitafuta njia ya kufika Ziwa Nyasa. Maji yakaanza kushuka, ikabidi ageuze kabla chombo hakijakwama. Mwaka 1862 alirudi na mashua ndogo pamoja na daktari wa msafara, John Kirk, wakafika mbali zaidi, nao wakazuiwa na miamba. Alipokuja mara ya tatu, mwaka 1866, alishukia Mikindani na kwenda kwa miguu. Mto uliomshinda ndio huohuo unaofurika, ukajaza mabonde, kisha ukajivuta na kuacha nyuma yake vijiziwa na vidimbwi vya kila ukubwa. Kirk alikusanya samaki wengi katika safari zake, na spishi moja ya samaki wa msimu, wa pande za Malawi, ina jina lake.

Je, wajua kwamba mto mkubwa ni ukuta kwa samaki hawa? Utafiti wa vinasaba uliofanywa Msumbiji umeonyesha kwamba mito kama Zambezi na Limpopo hutenganisha koo zao. Mkondo mkuu una kasi, na una samaki wakubwa wenye njaa. Wanasafirije basi kutoka dimbwi hadi dimbwi? Mafuriko ya nyanda ni njia mojawapo. Nyingine inayofikiriwa ni tope kwenye miguu na ngozi za tembo na nyati, wanaogaagaa dimbwi hili asubuhi na lile jioni.

Je, wajua kwamba kuna samaki wa msimu anayekula samaki wa msimu? Ni Nothobranchius ocellatus wa mabonde ya Rufiji, jitu la kundi hili, anayefikia sentimita 15 hivi.

Je, wajua kwamba samaki hawa wanatafunwa na uzee kama sisi, ila haraka? Nothobranchius furzeri, aliyekusanywa mara ya kwanza Gonarezhou nchini Zimbabwe na kuelezwa mwaka 1971, ana uzao mmoja wa maabara ambao huishi miezi mitatu au minne tu. Katika muda huo rangi hufifia, mgongo hupinda, misuli hupungua, wengine hupata saratani. Mtafiti wa uzee anayefuga panya husubiri miaka miwili au mitatu kuona matokeo. Kwa samaki huyu anaona ndani ya msimu. Ndiyo sababu taasisi za Jena na Cologne huko Ujerumani zinawafuga kwa maelfu, na ramani kamili ya vinasaba vyake ilichapishwa mwaka 2015. Mwaka 2017 kundi la Cologne lilionyesha kwamba samaki wa umri wa kati waliopewa vijidudu vya tumboni kutoka kwa samaki vijana waliishi muda mrefu zaidi.

Je, wajua kuhusu mbu? Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1940 kulikuwa na pendekezo kwamba samaki hawa wa asili watumiwe kupambana na malaria Afrika Mashariki kwa kula viluwiluwi. Linasikika zuri, na hadi leo linarudiwa. Lakini mwaka 2010 wataalamu wa samaki hawa, Martin Reichard akiwa mwandishi wa kwanza, waliandika kupinga mpango wa kuwasambaza. Hoja zao mbili naziona nzito. Kwanza, ukichunguza matumbo yao, chakula kikuu ni vijidudu vidogo vya jamii ya kamba, na viluwiluwi vya mbu ni sehemu ndogo tu. Pili, ukichukua samaki wa Bagamoyo ukawamwaga bondeni Ruvuma, utakuwa umeharibu kwa ndoo moja utengano wa maelfu ya miaka. Waachwe walipo. Chandarua kinafanya kazi.

Je, wajua kwamba kuwapa maji ya kudumu ni kuwaangamiza? Watu wema huona dimbwi linakauka, wakasema tulichimbe liwe lambo, mifugo ipate maji mwaka mzima. Nia ni njema na mifugo inahitaji maji. Ila lambo la kudumu hupata kambare na perege ndani ya misimu michache, na hao humaliza samaki wadogo. Na mayai yaliyobaki chini ya maji mwaka mzima hayapati ule ukavu unaoyaandaa. Kama kuna nafasi, lambo lichimbwe pembeni. Dimbwi la zamani libaki.

Barabara nazo zina pande mbili. Kifusi cha moramu kikimwagwa juu ya dimbwi la mfinyanzi, basi. Lakini mashimo yaliyochimbwa kando ya barabara na miingilio ya makalavati, mahali mfinyanzi ulipoachwa, yamekuwa makazi mapya, na wakusanyaji wengi wa samaki hawa hufanya kazi yao hatua chache tu kutoka kwenye lami. Majaruba ya mpunga yanaweza kuwahifadhi pia, ilimradi viuatilifu visimwagwe.

Je, wajua kwamba Ruvuma ina mdogo mwingine mashuhuri? Anaitwa Astatotilapia calliptera, samaki wa jamii ya perege, ambaye hukaa majini mwaka mzima kwenye vijito, mabwawa na kingo zenye majani. Anapatikana mabonde ya Ruvuma, Ziwa Nyasa na mito mingi ya Msumbiji. Watafiti wa vinasaba wanamtazama kuwa mfano wa karibu zaidi wa babu aliyezaa mamia ya spishi za Ziwa Nyasa. Jike huatamia mayai mdomoni. Dume ana madoa ya manjano kwenye pezi la chini yanayofanana na mayai. Jike hujaribu kuyaokota, na kwa kufanya hivyo hupokea mbegu za dume zinazorutubisha mayai yaliyo tayari mdomoni. Katika ziwa dogo la volkano la Masoko, huko Rungwe, samaki huyuhuyu amekwisha kuanza kugawanyika kuwa aina mbili, ya ufukweni na ya kilindini, ndani ya kipindi kisichozidi miaka elfu moja hivi. Taarifa hiyo ilitoka mwaka 2015.

Je, wajua kwamba perege wa Korogwe wanaishi pia Lindi? Oreochromis korogwe alielezwa mwaka 1955 kutoka kaskazini-mashariki mwa nchi. Miaka ya karibuni watafiti wa Tanzania na Uingereza wamethibitisha kwamba maziwa madogo ya Rutamba, Nambawala na Mitupa, mkoani Lindi, yana ukoo wake wa kusini, zaidi ya kilomita 500 kutoka kwa wenzao. Hatari yao ni perege wa kigeni walioletwa kwa ajili ya ufugaji, ambao huzaana nao na kuwameza. Sato na wenzake wamekwisha kuenea kwenye mabonde mengi ya Tanzania kwa mikono ya watu. Ruvuma ina perege wake wa asili, aliyeandikwa na Ethelwynn Trewavas mwaka 1966. Mwenye bwawa la kufugia karibu na mto ana kila sababu ya kuuliza ni vifaranga gani anauziwa.

Je, wajua kwamba Hifadhi ya Bahari ya Mnazi Bay na Maingilio ya Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 na yenye kilomita za mraba 650, haiishii kwenye maji ya chumvi? Ndani ya mipaka yake kuna mikoko, mdomo wa mto, vijiji kama Msimbati, na sehemu ya nchi kavu. Sifa zote huenda kwa matumbawe na kasa, nao wanastahili. Vidimbwi vya nyuma ya mikoko navyo ningependa viwe na mtu wa kuvihesabu.

Na kwa walimu wa biolojia wa Mtwara: je, mwajua kwamba mnaweza kuchunguza dimbwi lisilo na maji? Oktoba, chagueni dimbwi la mfinyanzi mweusi lililokauka kwa asili. Chukueni udongo wa juu, sentimita chache tu, kiasi cha kujaza nusu ya karai dogo, kutoka sehemu ile iliyokuwa na kina zaidi. Mwagieni maji ya mvua au ya kisima, si ya bomba yenye dawa, yafikie vidole vinne juu ya udongo. Wekeni kivulini. Kesho yake angalieni kwa kurunzi, kwa subira: tafuteni kitu chenye macho mawili, kirefu cha milimita 5, kinachoruka kwa mkupuo mfupi karibu na uso wa maji. Msipokiona, acheni udongo ukauke taratibu, mkauloweshe tena baada ya mwezi. Kikionekana, andikeni mahali, tarehe na aina ya udongo, pigeni picha wakishapata rangi, kisha warudisheni dimbwini kwao, lilelile, mvua zikishalijaza.